Taka za Marekani zilivyogeuka shule ya muziki China

Waswahili wana msemo usiofaa kutamkwa msibani, lakini ukweli wake haukanushiki: kufa kufaana. Wiki hii nauchukua msemo huo na kusafiri nao hadi China ya miaka ya 1990, nikusimulie habari ya muziki uliouawa makusudi na wenyewe huko Marekani, ukasafirishwa baharini kama mzoga, na ulipofika ugenini ukafufuka.

Wachina waliupa muziki huo jina la dakou. Da ni kupiga, na kou ni mdomo au mwanya. Kwa lugha yetu tungeweza kusema "vilivyopigwa pengo". Vyenyewe vilikuwa kaseti na zile santuri ndogo ziitwazo CD, na kila kimoja kilikuwa na kidonda chake. Ukingoni palikuwa na mkato ulionyooka, uliopita kwenye kasha la plastiki, ukapasua karatasi yenye picha ya wanamuziki, ukaingia ndani ya CD yenyewe kwa milimita kadhaa. Vingine vilitobolewa kwa keekee. Ungedhani panya aliyesomea useremala amepita ghalani. Na bado mali ile ilikuwa mpya, haijapigwa hata siku moja.

Nani huyo, basi, anayewasha msumeno ili akate mali yake mwenyewe?

Jibu liko katika desturi ya biashara ya muziki ya Marekani. Duka la muziki la kule halikununua santuri kama duka la mtaani kwetu linavyonunua sukari, kwamba ukishanunua, hasara ni yako. Lilichukua mzigo kwa masharti kwamba kisichouzika kitarudishwa kwenye kampuni na duka lirudishiwe fedha zake. Kampuni nazo zilichapa nakala nyingi kwa kubahatisha, maana hakuna ajuaye wimbo gani utapendwa. Bendi ikipokewa vizuri, ghala linabaki tupu. Bendi ikikataliwa, malori yanarudi yamejaa.

Kuhifadhi mzigo huo ghalani ni gharama. Kampuni ziliuza sehemu yake kwa wafanyabiashara wa bei ya kutupa, kwa senti chache kila nakala. Hapo palikuwa na hatari: mjanja mmoja angeweza kununua nakala kwa senti hizo, kisha akairudisha kwa kampuni ile ile akidai bei kamili. Dawa yake ikawa kuitia alama isiyofutika. Zama za santuri kubwa walikata pembe ya jalada au kulitoboa tundu. Zilipokuja kaseti na CD, wakatumia msumeno. Mkato ule ulikuwa unasema: hiki hakirudishwi tena, na hakina bei tena. Kwa kawaida hata mikataba ya wanamuziki ilizitoa nakala za namna hiyo katika hesabu ya mrabaha. Kwa hiyo mwenye sauti alikuwa ameshatolewa kwenye hesabu kabla mzigo haujaondoka ghalani.

Zilizobaki ziliuzwa kama plastiki chakavu. CD, tukiiondolea muziki, ni kipande cha plastiki ngumu, na kasha lake ni plastiki ya aina nyingine. China ya wakati huo ilikuwa inajenga viwanda kwa kasi, na viwanda vilikuwa na njaa ya malighafi. Taka za plastiki kutoka nchi tajiri zilikuwa malighafi ya bei poa. Zikapakiwa kwenye makontena, karatasi za forodha zikaandikwa "taka", meli zikang'oa nanga.

Msomaji wa Gikomba au Manzese atasema, habari hii naifahamu, ni mitumba. Anakaribia ukweli, lakini kuna tofauti moja. Shati la mtumba limevaliwa na mwenyewe likamchosha. Kaseti ya dakou haikumchosha mtu. Iliharibiwa ili asiipate mtu.

Sasa tuangalie upande wa pili wa bahari, ambako masikio yalikuwa yanangoja.

Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya mwaka 1966 na 1976, muziki uliosikika hadharani China ulibanwa ukabaki nyimbo za mapinduzi na michezo michache ya kuigiza iliyoidhinishwa kuwa ya mfano. Mtu aliyekutwa na santuri za kigeni nyumbani kwake aliweza kuitwa adui wa umma. Mageuzi ya Deng Xiaoping yalipoanza mwaka 1978, redio kaseti ziliingia majumbani, na pamoja nazo zikaingia kwa magendo nyimbo laini za mapenzi za mwimbaji wa Taiwan, Deng Lijun. Kwa kuwa mwimbaji na kiongozi walikuwa na jina moja la ukoo, watu walitania kwamba mchana wanamsikiliza Deng mzee, usiku wanamsikiliza Deng mdogo. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya kile ilichokiita uchafuzi wa kiroho, na nyimbo za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa vilivyolengwa.

Mlango ulifunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa tena. Mwezi Aprili 1985 kundi la Wham! kutoka Uingereza lilipiga Beijing. Mwezi Mei 1986 kijana aliyekuwa mpiga tarumbeta katika okestra, Cui Jian, alipanda jukwaani mjini humo na wimbo wa roki aliotunga mwenyewe, na tangu siku hiyo roki ya Kichina ikahesabiwa kuwa imezaliwa. Lakini vijana waliotaka kujua roki ilitoka wapi walijifunza kwa njia gani? Kuingiza muziki wa kigeni kisheria ilikuwa kazi ya mashirika ya serikali, na kila kilichoingia kilikaguliwa. Madukani ulikuta muziki wa okestra za Ulaya na nyimbo laini zisizomuudhi mtu. Mengine yalipatikana kwa kudurufu kaseti za wanafunzi wa kigeni na wafanyakazi wa balozi, nakala ya nakala ya nakala, mpaka sauti ya gitaa inafanana na mvua juu ya bati.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa makontena yalipoanza kufika.

Mengi yalifika katika jimbo la Guangdong, kusini. Humo umo mji wa bandari wa Shantou, mmoja wa miji minne iliyofanywa kuwa maeneo maalumu ya uchumi mwaka 1980. Watu wa sehemu hizo ni wafanyabiashara wa tangu na tangu, na ndugu zao wametapakaa Kusini-Mashariki mwa Asia yote. Vijiji vya karibu vilijigeuza kuwa karakana za kuchambua taka za dunia: nyaya huku, mota kule, plastiki hapa. Kazi ilifanywa kwa mikono. Na mikono hiyo, katikati ya milima ya plastiki, ikaanza kukuta kaseti na CD maelfu kwa maelfu, nyingine zikiwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

Mchambuzi wa taka hakuhitaji kujua Kiingereza. Alihitaji kujua hesabu moja tu: kitu hiki nikikisaga kina bei ya plastiki, nikikiuza kizima kina bei ya muziki, na bei ya muziki ni kubwa zaidi. Basi mashine za kusaga zikanyimwa chakula. Mizigo ikauzwa kwa jumla, kwa gunia na kwa uzito kama viazi, hadi Guangzhou, na kutoka Guangzhou ikapanda treni kwenda Beijing, Shanghai, Nanjing, Chengdu, hata Lanzhou kule kaskazini-magharibi karibu na jangwa.

Jambo hilo halikuwa halali. Mzigo uliingia nchini kwa jina la taka, na taka haiimbi. Kuuza muziki ambao haukupita kwa wakaguzi wala haukulipiwa kibali kulimfanya muuzaji awe mtu wa kukimbia, kama mmachinga anayesikia gari la mgambo. Alitandaza bidhaa zake juu ya shuka au ndani ya maboksi ya katoni, jicho moja kwa mteja na jingine barabarani. Wengine waliuzia vyumba vya ndani, ukaingia kwa kujuana. Mjini Beijing sehemu iliyopata jina ilikuwa Wudaokou, upande wa kaskazini-magharibi, jirani na vyuo vikuu vikubwa. Wauzaji hawakuchagua pale kwa bahati. Mwanafunzi ana udadisi mwingi na fedha kidogo, na kaseti ya dakou ilikuwa na bei ambayo mtu angeweza kuibana kutoka katika fedha yake ya chakula.

Ngoja nikueleze jinsi kitu kilichokatwa kinavyoweza kulia, maana hapo ndipo msumeno ulipoaibika.

CD ina upana wa sentimita 12, na mwanga wa leza huisoma kuanzia katikati kwenda pembeni. Ni kinyume cha santuri ya zamani, ambayo sindano huanzia pembeni. Kwa hiyo mkato wa ukingoni unagusa mwisho wa albamu, hauugusi mwanzo. Albamu fupi ya dakika 35 haifiki ukingoni kabisa, na msumeno ulikata mahali pasipo na kitu. CD iliimba yote, kidonda kikiwa pembeni kama kovu la ndui. Albamu ndefu ya dakika 70 ilipoteza wimbo wa mwisho, au miwili. Wauzaji walilijua hilo barabara, wakapanga bei kwa kina cha mkato. Iliyokwaruzwa kasha tu ilikuwa ghali, iliyoingia ndani ilikuwa rahisi. Na wapo vijana waliozijua albamu nyingi kwa moyo bila kujua zinaishaje.

Kaseti ilikuwa na shida nyingine. Msumeno ukipita kwenye gamba ukaufikia utepe, utepe unakatika. Mnunuzi alikwenda nazo nyumbani, akafungua skrubu, akatafuta ncha mbili, akaziunganisha kwa gundi ya karatasi, kisha akauhamishia utepe kwenye gamba zima lililotolewa katika kaseti nyingine. Sisi wa redio kazi hiyo tunaijua. Nilipokuwa nasomea utangazaji, mikanda ya rili ilikuwa haijastaafu kabisa, na mwalimu alitufundisha kukata kwa wembe kwa mshazari na kuunganisha bila kuacha pengo, ili msikilizaji asijue. Kijana wa Beijing hakuwa na mwalimu wala kifaa cha kupimia mshazari. Pale alipounganisha, wimbo uliruka, na baada ya kuusikiliza mara hamsini mruko huo ukawa sehemu ya wimbo.

Hapa ndipo kisa kinapopinduka.

Miaka hiyo hiyo China ilikuwa imefurika CD za bandia. Viwanda vilichapa nakala zisizo na ruhusa, majalada yakiwa yamechapwa vizuri kiasi cha kumdanganya hata mjuzi, na nyingi zilivuka mpaka kwenda kuuzwa nje. Serikali ya Marekani ilikasirika. Mwezi Februari 1995 ilitangaza kwamba ingeweka ushuru wa asilimia 100 juu ya bidhaa za China zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1, kama viwanda hivyo havitafungwa. Mkataba ulipatikana mwishoni mwa mwezi huo huo. Mwaka uliofuata ugomvi ukarudi, ukatulizwa tena kwa mkataba mwingine mwezi Juni 1996.

Fikiria picha hiyo. Juu, mawaziri wanagombana kuhusu CD za bandia. Chini, bandarini, CD halisi za Marekani zinashushwa kwa tani, na karatasi zake zinasema ni takataka.

Kijana aliyesimama Wudaokou na akiba yake ya wiki mfukoni angejuaje ipi halisi na ipi bandia? Alitazama kidonda. Nani atachapa nakala ya bandia kisha aikate kwa msumeno? Mkato ulionyesha kwamba kitu kile kilitoka katika kiwanda chenyewe, kwa sauti iliyorekodiwa sawasawa, na jalada lenye maneno yote. Alama iliyowekwa kutangaza kwamba kitu hakina thamani ikawa hati ya kuthibitisha thamani yake. Kampuni za Marekani, bila kujua na bila kutaka, zilikuwa zimepiga muhuri wa uhalali kwa kutumia msumeno.

Tazama pia kilichokuwa ndani ya magunia. Hakuna aliyeagiza. Hapakuwa na redio iliyopendekeza, wala duka lililopanga. Kilichofika China ni kile ambacho Marekani ilishindwa kukiuza, na kinachoshindwa kuuzika mara nyingi ni kile kigumu: panki ya makelele, jazi isiyochezeka, bendi za vyuoni zisizojulikana nje ya mji wao, majaribio ya sauti yanayowakimbiza wazazi. Wimbo ulioongoza chati za New York uliweza kukosekana Beijing, na bendi iliyopuuzwa New York ikapata wafuasi Lanzhou.

Na vyote vilifika kwa mpigo. Mmarekani aliyezaliwa 1950 aliusikia muziki wa miaka ya 60 katika miaka ya 60, wa miaka ya 70 katika miaka ya 70. Kijana wa Kichina aliipata miaka 30 ndani ya boksi moja la katoni, mchana mmoja, bila mtu wa kumwambia nini kilitangulia nini, wala kipi ni cha heshima na kipi cha kudharauliwa. Alisoma jalada, akasikiliza, akaamua mwenyewe. Marafiki walibadilishana, wengine wakaanza kuandika uchambuzi kwenye majarida ya muziki, na wauzaji wa barabarani, kwa kushika maelfu ya majalada, wakawa wajuzi kuliko walimu. Muuzaji hodari alimjua mteja wake kama daktari amjuavyo mgonjwa: wewe ulichukua kile wiki jana, basi chukua na hiki.

Matunda yake yakaonekana. Roki ya Kichina ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na sauti chache kubwa, kama kundi la Tang Dynasty na albamu yake ya hevi metali ya mwaka 1992. Kufikia mwisho wa muongo huo sauti zilikuwa zimetawanyika kila upande. Mwaka 1997 Shen Lihui alianzisha mjini Beijing kampuni ya kurekodi iitwayo Modern Sky. Mwaka huo huo, mjini Nanjing, kundi la P.K.14 likazaliwa. Hapo hapo Wudaokou, penye wauzaji, kilabu kidogo kikawa makao ya bendi za panki, na mwaka 1999 bendi nne kati ya hizo zilitoa albamu ya pamoja iliyojiita Jeshi la Waliochoshwa. Mwaka 2000 chuo cha muziki cha Midi kilianza tamasha lake, ambalo baadaye lilikuja kukusanya maelfu ya watu.

Mwaka 1999 pia kilichapwa kitabu kuhusu sauti mpya za Beijing, na mmoja wa waandishi wake alikuwa Yan Jun, mshairi na mhakiki kutoka Lanzhou. Yeye na wenzake ndio waliolieneza jina la "kizazi cha dakou". Kwa mtazamo wao, jina hilo lilikuwa na maana ya zaidi ya kaseti. Vijana wale waliozaliwa miaka ya 1970 walijiona wao wenyewe kama bidhaa ya ziada: si wana wa mapinduzi, wala si matajiri wa mageuzi, wamekatwa pembeni lakini katikati bado wanaimba. Baadaye mtafiti wa Kiholanzi, Jeroen de Kloet, aliyeufuatilia muziki huo kwa miaka mingi, aliliingiza pengo hilo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2010.

Nisikupambie. Hao hawakuwa vijana wote wa China. Walikuwa wa mijini, wengi wao wanafunzi, na wengi wao wanaume. Mamilioni ya rika lao walisikiliza nyimbo za mapenzi za Hong Kong na Taiwan, wakaridhika, na hawana kosa.

Tena sherehe hii ina deni ambalo halikulipwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kaseti iliyopigwa Wudaokou ilitungwa na mtu, ikaimbwa na mtu, akakesha studio mtu. Huyo hakupata kitu. Wapo wanaosema Mchina alimwibia. Mimi naona kwamba mkono wa kwanza ulioingia mfukoni mwake ulikuwa wa nyumbani kwao, siku mkataba ulipoandikwa kwamba nakala zilizokatwa hazina mrabaha. Lakini kusema wa kwanza alikuwa nani hakumlipi mwanamuziki, na sisi tunaoishi kwa kupiga kazi za watu wengine redioni hatuna ruhusa ya kulisahau hilo.

Deni la pili liko kule Shantou. Mto ule ule wa taka ulioleta kaseti ulileta pia kompyuta mbovu, betri na nyaya. Guiyu, mji mdogo ulioko wilaya ya Chaoyang katika eneo hilo la Shantou, ulikuja kujulikana dunia nzima kwa kuchoma na kuyeyusha vifaa vya umeme, na watafiti waliopima damu ya watoto wa hapo katika miaka ya 2000 walikuta madini ya risasi kwa kiwango cha kutisha. Kwa hiyo tunapomsifu kijana wa Beijing aliyepata elimu ya muziki katika jalala, tumkumbuke mama aliyeinama juu ya jalala hilo tangu asubuhi, akivuta moshi wake, na ambaye hapana shaka muziki wenyewe aliuona kelele tupu.

Biashara ya dakou haikuuawa na polisi, ingawa walinyang'anya mizigo mara nyingi. Iliuawa na kompyuta. Kuanzia mwaka 1999 vijana wa Marekani walianza kubadilishana nyimbo bure kwenye intaneti, na wale wa China hawakuchelewa. Muziki ukaacha kuwa kitu cha kushikwa mkononi, mauzo ya CD yakaporomoka, na kampuni zikachapa chache. Kisichochapwa hakibaki ghalani, na kisichobaki ghalani hakikatwi. Mwaka 2017 China ililiarifu Shirika la Biashara Duniani kwamba itapiga marufuku aina 24 za taka kutoka nje, zikiwemo taka za plastiki za majumbani, na amri hiyo ikaanza kutumika Januari 2018. Mlango ulioingiza muziki kwa makosa ukafungwa, na kwa afya ya watu wa Guangdong ilikuwa heri. Kaseti zilizosalia zimekuwa kumbukumbu, na wapo wazee wa makamo wanaozitunza kabatini kama vyeti vya shule.

Ninachokiona mimi katika historia hii ni mamlaka tatu zilizojaribu kuamua thamani ya muziki. Kampuni ilisema hauna bei, ikaukata. Mkaguzi alisema haufai kusikilizwa, akaukataa. Forodha ilisema ni taka, ikaupitisha. Zote zilikuwa na mihuri na zote zilikosea, na aliyepatia alikuwa kijana asiye na muhuri wowote, ameketi sakafuni na bisibisi na gundi ya karatasi, akiunganisha utepe.

Lakini tusimalizie kwa kumpigia makofi tukaenda kulala. Alipatia kwa sababu alikuwa na njaa, na njaa ile ilitengenezwa na watu. Kijana mwenye akili zake, katika mji wenye vyuo vikuu na vituo vya redio, hakupaswa kungoja msumeno wa Marekani ukosee ndipo ajue kwamba duniani kuna sauti nyingine. Jalala lilimfunza kwa sababu maktaba ilikuwa imefungwa. Wenye funguo za maktaba, popote walipo, na sisi wa redio tukiwemo, tujiulize vijana wetu wanachambua majalala gani leo, na wanatafuta humo kitu gani ambacho tumewanyima.